Mtumia Umeme na Haki Yake

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Chama Kikuu mbele ya wajumbe wa vyama vya msingi, siku ya kutimiza miaka kumi



Katika ratiba mliyogawiwa mlangoni imeandikwa ya kuwa Katibu atasimulia safari ya miaka kumi ya Chama Kikuu. Safari hiyo Bwana Mwenyekiti amekwisha kuisimulia vizuri kutupita sisi, na hesabu zake zimo katika kurasa za mwanzo za kitabu cha kumbukumbu. Kwa idhini yake basi twaomba kuiacha, tuseme juu ya jambo moja ambalo katika miaka hii limeleta watu wengi mlangoni pa ofisi yetu kuliko hata bei ya karafuu. Jambo hilo ni umeme. Wala si umeme wenyewe, ila ni hili, kwamba mkulima afanye nini anapokosana na yule anayemwuzia.

Wazazi wetu wengi walilima chini ya nyaya bila kuwasha taa. Mtambo wa Kidatu, ulio ndani ya mkoa wetu huu wa Morogoro, ulianza kutoa umeme mwaka 1975, na kufikia mwaka 1980 nguvu yake ilikuwa megawati 204. Umeme ule ulipita mjini Morogoro kwenda Dar es Salaam juu ya minara ya chuma, na watoto wa vijiji vilivyo njiani walisoma kwa koroboi. Hatusemi haya kwa kulaumu; nchi ilikuwa changa na mji mkuu wa siku zile ulikuwa na viwanda vya kulisha. Twasema ili ieleweke kwa nini umeme ulipofika kwetu tuliupokea kama mgeni wa heshima, ambaye hakuna athubutuye kumwuliza swali. Sheria ya Nishati Vijijini ilitungwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini akaanza kazi mwaka 2007, na baada ya hapo nguzo zikaanza kupanda mlima: Mkuyuni, Matombo, Tawa, na upande wa pili Mgeta. Mahali palipokuwa na injini ya dizeli pakafungwa mota.

Mmoja wa vyama vyetu vya msingi, upande wa Matombo, ulifunga mota mbili: moja ya mashine ya kusaga nafaka, na nyingine ndogo ya kusagia mdalasini na pilipili manga. Habari ya chama hicho twaomba kuieleza kwa urefu, maana ndiyo iliyotufundisha haya tunayoyajua. Mtoa umeme aliyehusika hatutamtaja. Shauri limekwisha, tumepeana mikono, na bado twanunua umeme kwake. Tena watoa umeme wenye leseni katika nchi hii si mmoja. Yako na makampuni madogo yauzayo vijijini umeme wa mito, kama ule wa Mwenga katika Mufindi, na sheria tutakayoieleza yawahusu wote sawasawa.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya gulio. Wakaguzi wawili wa mita walifika katika nyumba ya mashine, wakamkuta mwendesha mashine peke yake, na foleni ya akina mama mlangoni. Walifungua kisanduku cha mita, wakasema lakiri imekatika, wakapiga picha, wakaondoa mita ile na kufunga nyingine. Kisha walimpa mwendesha mashine hati ya ukaguzi atie sahihi. Akatia. Alituambia baadaye kwamba alidhani anatia sahihi ya kupokea mita mpya. Hati yenyewe ilisema ya kuwa amekuwapo na ameona lakiri imekatwa na mtu. Hakuisoma, wala hakubakiwa na nakala. Nasi tusimcheke, kwa sababu ni wangapi kati yetu wamewahi kusoma karatasi waliyopewa na mtu aliyevaa sare?

Baada ya majuma matatu ilikuja barua. Ilisema kwamba mita ya zamani ilikuwa haihesabu sawasawa, na kwamba chama kinadaiwa uniti 600 kwa kila mwezi, kwa miezi 14, yaani uniti 8,400. Fedha yake ilizidi mapato ya mashine ya mwaka mzima. Kabla Halmashauri haijakutana, umeme ukakatwa.

Kwa mtu wa mjini, kukatwa umeme ni kukosa taa na kukosa redio. Kwa kijiji kile ilikuwa ni unga. Mashine nyingine ya karibu iko bondeni, na njia yake kila mwenyeji aijua: kushuka na debe la mahindi kichwani ni taabu, na kupanda na unga ni taabu mara mbili. Akina mama walifanya hivyo kwa siku 47. Pia kulikuwa na mdalasini ulioahidiwa kwa mnunuzi wa Dar es Salaam, usagwe na kufungwa kabla ya mwisho wa mwezi. Haukusagwa, na mnunuzi akapata mwingine.

Halmashauri ya chama ilikutana, nasi tukaalikwa. Twakiri kwamba mkutano ule ulikuwa wa ghadhabu. Wako waliosema tulipe tu, hata kwa kukopa, kwa kuwa huwezi kushindana na mwenye swichi. Wengine walitaka twende kwa Mbunge. Vijana wawili, tena hodari, walisema wanajua fundi atakayerudisha waya usiku ule ule, na asubuhi mashine isage. Neno hilo lilipata makofi, nasi tulilazimika kusimama na kulipinga waziwazi: kujiunganishia umeme ni kosa la jinai, na kama tungelifanya, shauri letu lote lingekufa siku ile. Tungetoka katika hali ya mtu anayedai haki, tukaingia katika hali ya mtu anayejitetea asifungwe.

Ndipo akasema mzee mmoja ambaye mwaka 1955 alikuwa mtoto mdogo. Mwaka ule, watu wa Uluguru waliolazimishwa kuchimba matuta katika mashamba yao walikataa, wakakusanyika huko huko Matombo, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Baadaye mpango ule wa matuta uliachwa. Mzee alisema, "Sisi tulikuwa na haki, lakini hapakuwa na mlango wa kubisha. Ninyi mnasema uko mlango. Basi kabla hamjafanya lolote, niambieni mmeubisha?" Hakuna aliyejibu, kwa sababu kweli hatukuwa tumeubisha. Katibu aliyesoma sekondari alikuwa amekaa pale, na hakujua mlango wenyewe u upande gani.

Tulikwenda kuutafuta, nasi twaueleza hapa kama tulivyoukuta.

Umeme Tanzania Bara huuzwa chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Yule anayeuza hauzi kwa hiari yake apendavyo. Ana leseni, na leseni ina masharti. Msimamizi wa masharti hayo ni Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, jina ambalo kwa urefu wake watu wote huliita EWURA. Mamlaka hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001, ikaanza kazi mwaka 2006, na makao yake makuu yako Dodoma. Husimamia umeme, mafuta, gesi asilia na maji. Wengi wetu huisikia redioni inapotangaza bei ya petroli, tukadhani kazi yake ni hiyo tu. Kumbe sheria hiyo hiyo imeipa kazi ya kupokea lalamiko la mtumiaji dhidi ya mtoa huduma, kulichunguza, kupatanisha, na mapatano yakishindikana, kusikiliza pande zote mbili na kutoa uamuzi.

Lakini haipokei mtu aliyeruka ngazi. Lalamiko sharti lianze kwa mtoa huduma mwenyewe. Hapa ndipo wanachama wengi hupotea, kwa kuwa wao huona wamekwisha kulalamika: walimwambia fundi, wakampigia simu karani, wakapanga mstari dirishani mara tatu. Maneno hayo yote ni upepo. Lalamiko ni barua yenye tarehe, namba ya mita, jambo lililotendeka na jambo linaloombwa, ambayo nakala yake imegongwa mhuri wa kupokelewa na imebaki mikononi mwako. Mkipiga simu, mwombe namba ya taarifa na mwiandike. Sisi tulipeleka barua ya kwanza bila kudai mhuri, na ikawa kama haikupelekwa. Tulipeleka ya pili, ikagongwa mhuri, na tangu siku ile ndipo siku zetu zilipoanza kuhesabiwa. Kila mtoa huduma ana mkataba wa huduma kwa mteja, ambamo ameandika mwenyewe atajibu kwa siku ngapi na atafanya matengenezo kwa muda gani. Ombeni nakala yake. Ni silaha njema sana, kwa sababu humfunga mtu kwa ahadi yake mwenyewe.

Mtoa huduma asipojibu, au akijibu jibu lisiloridhisha, hapo ngazi ya pili ni EWURA. Lalamiko huandikwa, pamoja na nakala za barua za awali na vielelezo. Hakuhitajiwi wakili. Na kwa yule asiyejua aanzie wapi, liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, ambalo nalo limo katika sheria ya EWURA, na lina kamati za watumiaji mikoani. Baraza si hakimu, wala halimwamuru mtu kulipa. Kazi yake ni kukaa upande wa mtumiaji: kumsikiliza, kumwelekeza, na kuyafikisha malalamiko panapostahili. Sisi lilitufaa, na la kwanza lililotuonyesha ni kwamba mita ya chama iliandikishwa kwa jina la mwenyekiti wa zamani, aliyekwisha kufariki. Kwa karatasi, chama hakikuwa mteja wa mtu yeyote! Ilitubidi kupeleka muhtasari wa mkutano, hati ya kuandikishwa chama, na barua ya mtendaji wa kijiji, ndipo tukatambuliwa. Jambo hilo peke yake lilitupotezea siku tisa.

Pande mbili zikishindwa kupatana, Mamlaka husikiliza shauri na kuamua. Yaweza kuamuru mtumiaji apewe huduma, au arudishiwe fedha, au alipwe gharama zake. Na yaweza pia kulitupa lalamiko. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa katika Baraza la Ushindani, lililoundwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Muda wa kukata rufaa ni mfupi, wahesabiwa kwa siku wala si kwa miezi, kwa hiyo mtu asiweke hukumu sandukuni akangojea mavuno.

Wako watakaouliza, kwa nini tusiende mahakamani moja kwa moja? Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu ardhi, ilieleza kwamba pale sheria ilipoweka chombo maalum cha kumaliza ugomvi wa namna fulani, kwa kawaida mahakama haitaupokea ugomvi huo, ila mtu aonyeshe kuwa katika chombo hicho hakuna nafuu inayomfaa. Anayeanza mahakamani hujitia katika hatari ya kutumia mwaka mzima na ada ya wakili, halafu aambiwe arudi alikopaswa kuanza. Shauri la mazao na miti iliyokatwa chini ya laini, ambalo wanachama wa Tawa wametuuliza mara nyingi, ni mambo ya ardhi na fidia, nayo yana sheria zake; hatutaki kuyachanganya leo.

Sasa turudi kwenye mashine yetu.

Barua yetu kwa Mamlaka ilikuwa na kasoro moja kubwa ambayo twaitangaza ili wengine wasiirudie. Tulieleza dhuluma kwa kurasa nne, kwa maneno makali, lakini hatukuomba kwamba umeme urudishwe wakati shauri likiendelea. Hatukujua kama laweza kuombwa. Tulipoandika barua nyingine ya mistari sita tukiliomba hilo, na kuahidi kulipa sehemu tusiyoibishania, umeme ulirudi siku ya nne. Kati ya zile siku 47, nyingi zilikuwa za ujinga wetu.

Siku ya usuluhishi tulikwenda watu watatu: mwenyekiti wa chama cha msingi, mwendesha mashine, na Katibu. Wenzetu walikuja na mhandisi, mwanasheria na mafaili. Tulikuwa na kitu kimoja tu chenye uzito, nacho ni daftari la kusagia, kuukuu, lenye alama za vidole vya unga kila ukurasa. Mwendesha mashine, yule yule aliyetia sahihi bila kusoma, alikuwa na tabia njema ambayo hakuna aliyemfundisha: kila mzigo uliosagwa aliuandika, tarehe, jina, uzito na fedha. Wazee husema mali bila daftari huisha bila habari. Siku ile tuliona daftari likisema mbele ya mhandisi, naye akanyamaza kulisikiliza.

Lilisema nini? Kwanza, kwamba miezi 14 iliyodaiwa ilihesabiwa tangu siku ya kuunganishwa umeme, lakini miezi miwili ya mwanzo mota zilikuwa bado hazijafungwa. Pili, kwamba mota kubwa iliungua, ikapelekwa Morogoro mjini kusukwa upya, ikakaa huko miezi mitatu kwa sababu chama hakikuwa na fedha ya fundi; na ile ndogo haikufanya kazi katika miezi hiyo, kwa kuwa haukuwa msimu wa mdalasini. Ikabaki miezi tisa. Katika miezi hiyo mashine ilisaga, ukijumlisha vyote, magunia 920 ya kilo mia. Mhandisi, naye alikuwa mtu wa haki, alisema basi na tupime. Tulirudi naye kijijini, tukasaga magunia kumi kwa mita mpya mbele ya pande zote, na yakala uniti 40. Kwa hesabu hiyo magunia 920 ni uniti 3,680. Kitabu cha mtoa umeme mwenyewe kilionyesha kwamba katika muda ule chama kilikuwa kimenunua kwa luku uniti 2,150. Tofauti ni uniti 1,530.

Ndugu wanachama, twaomba mwangalie hesabu hiyo kwa macho mawili. Tulidaiwa uniti 8,400, tukalipa 1,530, tena kwa mafungu ya miezi sita. Lakini zile 1,530 tulikuwa tumezitumia bila kuzilipa. Mita kweli ilikuwa haihesabu sawasawa. Nani aliyekata lakiri haikujulikana hata leo, na hati yenye sahihi yetu ilitufunga mdomo tulipotaka kusema haikuwa sisi. Kwa hiyo tulikwenda tukijiona tumedhulumiwa kabisa, tukarudi tumejua kwamba tulidhulumiwa kwa sehemu na tuliwiwa kwa sehemu. Baadhi ya wanachama hawakufurahi tulipowaeleza hivyo. Walitaka ushindi mtupu.

Na kwa ule mdalasini tuliopoteza hatukupata hata senti. Tuliulizwa, ulikuwa kilo ngapi, mliahidiana bei gani, karatasi iko wapi? Mapatano yalifanywa kwa simu. Mnunuzi hakuwa tayari kuja kutoa ushahidi, na stoo haikuwa na daftari kama la mashine. Wala hatukuandika gharama za wale akina mama walioshuka bondeni, ingawa kila mtu pale aliamini kwamba walishuka. Hasara iliyotuuma kuliko deni lenyewe ndiyo ambayo hatukuiandika mahali.

Pana jambo jingine ambalo ngazi hizi haziliponyi, nalo ni bei. Mtu asipeleke lalamiko kusema kwamba umeme ni ghali. Bei iliyoidhinishwa haivunjwi kwa lalamiko la mtu mmoja. Mahali pa kuisema ni katika mkutano wa taftishi, ambao Mamlaka huuitisha kabla ya kubadili bei, na ambao mtu yeyote aweza kuhudhuria na kusema. Yako yaliyopata kutokea huko. Ombi lililoamuliwa mwanzoni mwa mwaka 2012 lilitaka bei ipande kwa asilimia 155, na iliyoruhusiwa ilikuwa asilimia 40.29. Mwishoni mwa mwaka 2016 Mamlaka iliruhusu nyongeza ya asilimia 8.5, na Serikali ikaizuia kabla haijaanza kutumika. Katika mikutano hiyo wenye viwanda hupeleka wataalamu. Wakulima wenye mashine za kusaga hatujawaona wakipeleka mtu, nasi twaona ni aibu yetu.

Ila kuwekwa katika daraja la bei lisilo lako ni jambo la kulalamikia. Amri ya bei ya mwaka 2016 iliweka daraja la watumiaji wadogo wa nyumbani, wasiozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi, kwa shilingi 100 kwa uniti. Daraja la juu yake likawa shilingi 292, kabla ya kodi na tozo. Tumewaona wajane wenye taa tatu na redio wakilipa bei ya daraja la juu, ati kwa kuwa fundi aliyewaunganisha alikuwa na duka jirani na mita ikaandikwa ya biashara. Makosa ya namna hiyo husahihishwa kwa barua moja, mradi iandikwe.

Majirani zetu nao wana njia zao. Uganda, kwa sheria yake ya umeme ya mwaka 1999, iliweka baraza maalum la mashauri ya umeme. Kenya iliandika haki za mtumiaji katika Kifungu cha 46 cha Katiba yake ya mwaka 2010, na mwaka 2018 wakili mmoja wa Nairobi alifungua shauri kupinga wateja kudaiwa madeni ya nyuma yaliyotajwa kufika shilingi bilioni 10.1 za nchi ile. Pande mbili zikapatana mwaka huo huo. Tumetaja habari hii kwa sababu shauri lile lilifunguliwa kwa ajili ya watumiaji wote pamoja. Mwanachama mmoja wa Kinole mwenye deni la shilingi elfu arobaini hatapanda gari kwenda kulidai, maana nauli na siku ya shamba vitalizidi deni. Hiyo ndiyo sababu ya mambo mengi madogo kuachwa yapite, na ndiyo kazi ambayo Chama Kikuu kimeundwa kuifanya.

Basi Halmashauri ya Chama Kikuu, katika kikao chake kilichopita, imekubali yafuatayo, nasi tumeagizwa kuyatangaza. Ofisi itakuwa na jalada la malalamiko ya umeme, na kila Jumamosi asubuhi karani atakaa kumsaidia mwanachama kuandika barua yake. Aje na namba ya mita, risiti au ujumbe wa simu wa manunuzi ya luku, na barua yoyote aliyopewa. Asiyejua kusoma asione haya, barua itasomwa kwa sauti mbele yake kabla ya kutia dole gumba. Malalamiko yanayofanana yatakusanywa na kupelekwa pamoja kwa nauli ya Chama. Vyama vyote ambavyo mita zake zimeandikwa kwa majina ya viongozi wa zamani vitengeneze jambo hilo kabla ya mkutano mkuu ujao; twajua viko vinne, na makatibu wao wamo humu ukumbini wakitutazama.

Nyumba ya mashine kule Matombo sasa ina madaftari mawili yaliyotundikwa kwenye msumari mmoja, la kusagia na la stoo. Juu ya kisanduku cha mita pamebandikwa karatasi iliyoandikwa na mwendesha mashine kwa mkono wake mwenyewe: mkaguzi akija, aonyeshe kitambulisho, aitwe kiongozi mmoja wa chama au jirani awe shahidi, hati isomwe yote, na nakala ibaki hapa. Tumechapa karatasi hiyo kwa wingi. Iko mezani karibu na mlango, na kila mjumbe achukue nakala mbili, moja ya chama chake na moja ya nyumbani kwake.